Picha isiyo na kasoro si mwisho wa uchunguzi wa kifafa cha vijana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu hoja ninayoisikia mara kwa mara, na ambayo msomaji mwenzangu aliigusa hivi karibuni katika ukurasa huu wa barua, kwamba kijana mwenye kifafa akipigwa picha ya ubongo na picha ikatoka safi, basi ugonjwa wake si wa hospitali na wazee wake watafute tiba kwingine. Mimi ni mtaalamu wa mionzi katika hospitali moja mashariki mwa Uganda, na kupiga picha za aina hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku. Simlaumu msomaji huyo. Sisi tunaotoa majibu ndio tuliomfundisha kufikiri hivyo, kwa kuandika "hakuna kasoro" na kuishia hapo, bila kueleza mtambo uliotumika unaweza kuona nini na nini kinaupita.

Mwaka jana aliletwa kwangu msichana wa miaka 14. Mama yake alikuwa amemshika mkono, na nyuma yao alifuata binamu yake, msichana wa rika lake, akiwa amebeba mfuko wa chakula na bahasha ya karatasi za hospitali. Walikuwa wamepanda boda boda, kisha teksi mbili. Karatasi ya rufaa ilikuwa na maneno mawili tu: kifafa, CT (aina ya picha ya ubongo nitakayoieleza hapa chini). Nilimpiga picha, daktari wa radiolojia akaisoma, na majibu yakatoka kwamba hakuna kasoro iliyoonekana. Mama akaniuliza, "Musawo (yaani daktari), kama mashine haikuona kitu, huyu mtoto ana nini?" Nilikuwa na wagonjwa wengine kwenye foleni, lakini swali lile lilinizuia nisiite jina linalofuata. Nikamuuliza binti mwenyewe mambo yanavyoanza. Akasema kwamba asubuhi, muda mfupi baada ya kuamka, mikono yake hushtuka ghafla, kikombe cha chai humponyoka, na nyumbani wanamcheka kuwa ni mzembe. Siku ambazo hakulala vizuri ndipo huanguka kabisa. Hayo yote hayakuwamo kwenye karatasi. Dawa aliyokuwa akimeza ilikuwa kabamazepini, dawa nzuri kwa aina nyingine za kifafa, ila inajulikana kwamba inaweza kuizidisha mishtuko ya namna ile. Si kazi yangu kubadilisha dawa. Niliandika maelezo yale nyuma ya fomu, nikamrudisha kwa daktari wa kliniki yake.

Aina ya kifafa inayofanana na maelezo ya binti huyo ilielezwa kwa kirefu mwaka 1957 na daktari Mjerumani Dieter Janz pamoja na mwenzake. Aghalabu huanza kati ya miaka 12 na 18, humshika kijana mwenye akili timamu na mwili mzima, huchochewa na kukosa usingizi na pombe, na hutambuliwa kwa kumsikiliza mgonjwa na kwa kipimo cha umeme wa ubongo, yaani EEG. Picha ya kawaida ya ubongo wa kijana huyo hutoka safi. Hivyo ndivyo inavyotarajiwa, na daktari anayeijua aina hii hashtuki.

Ni vyema wasomaji wajue kwamba picha hizi hazifanani. Mtambo wa CT, ambao ndio unaopatikana kwa urahisi zaidi nchini kwetu, hutumia mionzi ya eksirei. Unaonyesha vizuri damu iliyovuja, uvimbe mkubwa, maji yaliyojaa kichwani, mfupa uliovunjika, na vifuko vya mabuu ya tegu wa nguruwe vilivyokwisha kugeuka kama chokaa. Kwa vifuko hivyo vya chokaa, CT huishinda hata MRI, yaani picha ya sumaku, na katika wilaya zetu zenye ufugaji mwingi wa nguruwe hilo si jambo dogo. Lakini CT haitenganishi vyema gamba la kijivu la ubongo na nyuzi nyeupe zilizo chini yake. Kovu katika hipokampasi, sehemu iliyo ndani ya ubongo upande wa sikio na inayohusika na kumbukumbu, huipita mara nyingi. Kadhalika kipande kidogo cha gamba ambacho hakikujipanga sawasawa tangu mtoto akiwa tumboni. (Wanafunzi wa mafunzo ya vitendo huniuliza kama hipokampasi inahusiana na kiboko, yaani hippo wa Kiingereza. Hapana, Wagiriki walimwita hivyo farasi wa baharini, na sehemu hiyo imejikunja kama yeye.)

MRI, inayotumia sumaku yenye nguvu badala ya mionzi, huona mambo hayo, ila nayo inategemea namna ilivyopigwa. Picha iliyokatwa vipande vinene vya milimita tano, na nafasi kati ya kipande na kipande, inatosha kutafuta uvimbe mkubwa, ilhali kasoro ndogo itajificha kwenye nafasi hizo. Ndiyo sababu mwaka 2019 wataalamu wa Jumuiya ya Kimataifa ya Kupambana na Kifafa walipendekeza utaratibu wa aina tatu za picha kwa kila mwenye kifafa, mbili kati yake zikipigwa kwa vipande vya milimita moja visivyoachana, na ya tatu ikikatwa kwa kufuata mkao wa hipokampasi. Utaratibu huo hauhitaji mtambo mpya wala sindano ya dawa ya kung'arisha picha. Unahitaji muda kwenye mtambo uliopo, karibu nusu saa, na mtu anayejua anachokitafuta.

Hata picha iliyopigwa kwa utaratibu huo na kusomwa na jicho lenye uzoefu inaweza kutoka safi, na hapa ndipo utafiti wa miaka ya karibuni umefungua jambo ambalo wengi hawajalisikia. Tangu miaka ya 1990 watafiti wamekuwa wakitumia programu za kompyuta kupima unene wa gamba la ubongo na ujazo wa kila sehemu, kisha kulinganisha wastani wa kundi la wagonjwa na wastani wa kundi la watu wenye afya. Mwaka 1999 Friedrich Woermann na wenzake jijini London waliwapima kwa njia hiyo watu wenye kifafa kile cha Janz, wakakuta tofauti katika sehemu ya mbele ya ubongo ambazo jicho halikuziona. Tafiti zilizofuata zikataja pia thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo kinachopokea na kugawa taarifa, kwamba kwa wagonjwa hao ni ndogo kidogo. Nyingine zikapingana: moja inaona ongezeko, nyingine upungufu. Makundi yalikuwa ya watu wachache mno kuweza kuamua.

Mwaka 2018 ndipo yalipotoka matokeo ya mradi wa ENIGMA, uliokusanya picha za watu 2,149 wenye kifafa na watu 1,727 wasio nacho kutoka vituo 24 katika nchi 14. Wenye kifafa walionekana kuwa na gamba jembamba zaidi katika maeneo kadhaa na thalamasi ya kulia iliyopungua ujazo, hata wale wa aina za kifafa ambazo vitabu vya zamani vilisema hazina kasoro ya kimaumbile. Gamba la ubongo lina unene wa kati ya milimita mbili na nne, na tofauti zinazozungumzwa ni sehemu ndogo ya milimita moja.

Nisieleweke vibaya. Tofauti ya wastani haimpimi mtu mmoja mmoja. Ukipima urefu wa wanafunzi wote wa shule mbili unaweza kukuta shule moja imeizidi nyingine kwa sentimita mbili, lakini akija mtoto mmoja mlangoni huwezi kujua kwa urefu wake anatoka shule gani. Vivyo hivyo hakuna mtaalamu anayeweza leo kuchukua picha ya binti yule, akapima thalamasi yake, akasema ana kifafa au hana. Tunachoweza kusema ni kwamba maneno "hakuna kasoro" yana maana ya "hakuna kasoro ambayo jicho limeiona kwa mtambo huu na kwa utaratibu huu". Hiyo ni sentensi ndefu kwa fomu ya majibu, lakini ndiyo ya kweli.

Vituo vile 24 vilikuwa Ulaya, Marekani ya Kaskazini na ya Kusini, Asia na Australia. Afrika haikuwamo. Naandika hili bila kinyongo na wenzetu waliochapa kazi hiyo, maana walichangia wale waliokuwa na picha za kuchangia. Lakini utafiti wa nyumba kwa nyumba katika maeneo matano ya Afrika, uliochapishwa mwaka 2013, ulikadiria kwamba katika eneo la Iganga na Mayuge, saa chache tu kutoka hapa ninapoandika, takriban watu 10 kati ya kila 1,000 wana kifafa hai cha kuanguka na kutetemeka. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 80 ya watu milioni 50 wenye kifafa duniani wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kipimo cha ubongo wa kawaida kimetengenezwa kwa picha za watu wa kwingine, na wagonjwa wetu ndio wengi.

Je, kuna tofauti gani? Ubongo ni ubongo, atasema mtu. Kwa mtu mzima huenda hoja hiyo ikawa na nguvu, lakini mimi nazungumzia vijana. Katika ujana gamba la kijivu hupungua unene lenyewe na nyuzi nyeupe huongezeka. Ndivyo ubongo unavyokomaa. Mtoto wa miaka 12 na kijana wa miaka 18 hawawezi kulinganishwa kana kwamba ni rika moja, na kasi ya kukomaa inaweza kuguswa na lishe, na maradhi ya utotoni, na namna mtoto alivyozaliwa. Aidha, kila mtambo una tabia yake. Ukilinganisha kijana wa Busoga aliyepigwa picha kwenye mtambo wa zamani na kijana wa Uholanzi aliyepigwa kwenye mtambo wa nguvu maradufu, hutajua kama tofauti uliyoiona ni ya kifafa, ya malezi au ya sumaku.

Dawa ya tatizo hilo ninaiona katika kazi ya Bruce Hermann na wenzake huko Madison, jimbo la Wisconsin, Marekani. Waliwachukua watoto wa miaka 8 hadi 18 ambao kifafa chao kilikuwa kimeanza karibuni, wakawalinganisha na binamu zao wenye afya, kisha wakawapima tena wote baada ya miaka miwili. Waliona kwamba ubongo wa watoto wenye kifafa haukuwa ukikomaa kwa mwendo uleule wa binamu zao. Kwa nini binamu? Kwa sababu wametoka katika ukoo mmoja na mara nyingi katika hali moja ya maisha, bila kukaribiana kwa damu kama ndugu wa tumbo moja. Tahadhari hiyo imeonekana kuwa na maana, kwani utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2019 uliwakuta ndugu wa tumbo moja wa wagonjwa wa kifafa cha Janz, wasio na kifafa wao wenyewe, wakiwa na baadhi ya tofauti zilezile za mikunjo ya ubongo. Maana yake ni kwamba angalau sehemu ya tofauti hizo imetangulia ugonjwa na haikuletwa na kuanguka.

Katika nchi yetu binamu hawajawahi kuwa adimu. Watoto wa shangazi na wa mjomba wanakula chakula cha sufuria moja, wanalala chini ya chandarua kimoja, wanasoma shule moja, na akiugua mmoja mwingine humbebea mfuko hadi hospitali. Binamu wa binti yule alikaa kwenye benchi langu kwa muda wa saa tatu. Angekuwa mtu wa kulinganishwa naye kuliko yeyote aliyemo katika hazina za picha za Ulaya, kama tungekuwa na MRI, maana kumpiga CT mtoto mwenye afya ili tu tumlinganishe ni kumlisha mionzi bila sababu, na hakuna kamati ya maadili inayopaswa kuliruhusu.

Zipo pia sababu za kifafa ambazo ni zetu, na ambazo hazina budi kutafutwa hapa. Huko Blantyre, Malawi, watafiti waliwafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo. Kati ya 132, watoto 12 walipata kifafa baadaye, wakati kati ya watoto 264 wa kulinganishwa nao hakuna hata mmoja aliyepata. Hukohuko Blantyre, picha za MRI za mtambo wa nguvu ndogo zilisaidia kuonyesha, katika utafiti wa mwaka 2015, kwamba kuvimba sana kwa ubongo ndiko kulikowatenga waliokufa kwa malaria hiyo na waliopona. Nani amewapiga picha waliopona, wakiwa sasa na miaka 15, akaona kilichobaki?

Upande wa kaskazini mwa Uganda, watu wa wilaya za Kitgum, Pader na Lamwo wanaujua ugonjwa wa kutikisa kichwa, ambao Waacholi huuita luc luc, uliowapata watoto wengi wa miaka 5 hadi 15. Mwaka 2013 Richard Idro wa Makerere na wenzake walichapisha maelezo ya watoto 22 wenye ugonjwa huo, na MRI za baadhi yao zilionyesha gamba la ubongo na serebela, yaani ubongo mdogo wa nyuma, vimesinyaa, kwa viwango tofauti. Ugonjwa huo umehusishwa na usubi, yaani upofu wa mtoni unaoenezwa na nzi weusi wa mito yenye maji ya kasi, na baada ya serikali kuongeza ugawaji wa dawa ya ivamektini na kuwaua viluwiluwi wa nzi hao mitoni, wagonjwa wapya walipungua sana. Waliokwisha kuugua sasa ni vijana. Kusinyaa kule kumesimama au kunaendelea? Hilo linajibiwa na picha ya pili, ya mtoto yuleyule, miaka kadhaa baadaye.

Huwa naambiwa kwamba haya ni anasa kwa nchi ambayo hata fenobabitoni, dawa ya kifafa, hukosekana katika vituo vya afya. Hoja hiyo naiheshimu, kwani dawa ndiyo ya kwanza; Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Lakini wapo ambao dawa mbili zilizochaguliwa vizuri zimewashinda, na kwao picha inaweza kuonyesha njia. Nchini Kanada, mwaka 2001, wagonjwa 80 wa kifafa cha upande wa sikio waligawanywa kwa kura, nusu wapewe upasuaji na nusu waendelee na dawa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 58 ya kundi la upasuaji hawakuwa tena na mashambulio ya kupoteza fahamu, dhidi ya asilimia 8 ya kundi la dawa. Upasuaji wa aina hiyo umekwisha kufanyika hapahapa Uganda, katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, na matokeo yake ya mwanzo yakachapishwa mwaka 2009.

Vilevile mwaka 2022 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, wakiongozwa na Johnes Obungoloch na kushirikiana na wenzao wa Uholanzi na Marekani, waliunganisha hukohuko Mbarara mtambo mdogo wa MRI kwa siku 11. Najivunia kazi hiyo, na kwa sababu hiyohiyo naomba isitwishwe mzigo usio wake. Nguvu ya sumaku yake ni kama tesla 0.05 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), ulilengwa kuwatazama watoto wenye maji kichwani, na maji huonekana hata kwa nguvu hiyo, lakini gamba la milimita mbili na nusu halipimiki hivyo. Kwa upimaji ninaouzungumzia tunahitaji tesla 1.5 au 3.

Ombi langu kwa Wizara ya Afya na vyuo vyetu ni kwamba mitambo ya nguvu hiyo iliyopo nchini itengewe siku moja ya kila wiki kwa vijana wenye kifafa na binamu zao, kwa utaratibu ule wa mwaka 2019, na picha zihifadhiwe mahali pamoja kwa namba badala ya majina. Wazazi waelezwe tangu mwanzo kwamba utafiti huo hautamponya mtoto wao wala kumpa jibu lake binafsi. Na wapimaji wawe waangalifu: mtoto anayejitikisa ndani ya mtambo hutoa picha ambayo kompyuta huisoma kama gamba jembamba, na wenye kifafa huenda wakajitikisa zaidi kuliko binamu zao; tena valproeti, dawa ya kifafa inayotumiwa sana, imehusishwa na gamba kupungua unene. Asiyeandika dawa na mtikisiko atapima vitu hivyo viwili akidhani amepima kifafa.

Wakati hayo yakisubiriwa, wenzangu walioko kliniki wanaweza kuanza na fomu ya rufaa kesho asubuhi. Andikeni umri kilipoanza, saa ya siku, upande wa mwili unaotangulia, kama mtoto hushtuka mikono anapoamka, dawa anazomeza, kama alizaliwa kwa shida, kama aliwahi kulazwa kwa malaria na kupoteza fahamu. Mistari minne inatosha, na msomaji wa picha atajua pa kutazama mara mbili.

Wako mtiifu,
Mtaalamu wa mionzi,
Mashariki mwa Uganda